Mpigo Mmoja wa Ziada

Jumapili, Kinoru. Manyunyu tangu asubuhi, nguo zimegoma kukauka.

Na tena sikuwa nimekosea hesabu. Hilo nalishikilia hata leo, hata baada ya aibu yote hii. Mipigo niliyohesabu jana ilikuwa themanini na miwili, na kadi ilisema themanini na mitatu. Mtu anaweza kunilaumu kwa yaliyofuata, lakini kwa hesabu asiniguse.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: nimeolewa miezi minne sasa na bado nikisema neno "mume wangu" nacheka peke yangu. Anaitwa Mutwiri. Yuko mwaka wa mwisho chuoni hapa Meru, na Jumamosi anachezea timu ya gofu ya chuo. Mimi nashona sare za shule dukani kwa shangazi yake. Kabla ya Mutwiri, gofu kwangu ilikuwa mchezo wa watu wenye vitambi na magari makubwa. Sasa naipenda kama naijua. Mungu wangu, mngemwona akiwa na ile fulana ya kijani, amesimama kimya, kirungu kikiwa hewani, na jua la asubuhi linampiga shingoni! Mimi husimama chini ya miti na watazamaji wengine na kujiuliza nilifanya jambo gani jema hata nikapewa huyu.

Msimu huu wote nimewafuata. Mashindano yalikuwa matatu: la kwanza hapa Meru, la pili Embu, na la mwisho jana, hapa Meru tena. La kwanza tulishinda sisi, la pili wakashinda wao wa chuo cha Embu, kwa hiyo la jana ndilo lingeamua nani aende fainali za taifa.

Mchezo wenyewe siuelewi sana. Mutwiri aliniambia jambo moja tu la kushika: anayepiga mara chache ndiye bora. Basi nikabuni njia yangu. Mfuko wa kulia wa sweta natia njahi mia moja, yale maharagwe meusi. Kila Mutwiri akipiga mpira, nahamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto. Mwisho wa siku nahesabu za kushoto. Mamake Mutwiri aliniona Ijumaa moja nikichambua njahi kwa makini, akatabasamu na kuuliza kama kuna habari anazopaswa kuambiwa, maana huku njahi hupikiwa mwanamke aliyejifungua. Nikamwambia, "Hapana, mama, ni za gofu." Alinitazama kama mtu aliyeletewa mkwe mwenye kasoro.

Mashindano ya kwanza, mfuko wangu ulisema themanini na minne. Kadi ikasema themanini na mitano. Nikadhani nimeangusha punje moja kwenye nyasi.

Embu, mfuko ulisema themanini na mmoja. Kadi ikasema themanini na mitatu.

Punje mbili siangushi.

Hapo ndipo shaka iliponiingia, na shaka ikishaniingia mimi haitoki. Nikamuuliza kocha wa kina Mutwiri, Mwalimu Kaimenyi, nani huandika kadi. Akanieleza kwamba katika gofu hujiandikii mwenyewe. Wa timu pinzani unayecheza naye ndiye anakuandikia, na wewe unamwandikia yeye, kisha mwisho kila mmoja anatia sahihi. Yaani mpinzani ndiye mwenye kalamu! Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka.

Mutwiri ni mchezaji wa tatu wa Meru, na wa tatu hucheza na wa tatu. Kwa hiyo msimu mzima, mwenye kalamu ya mume wangu alikuwa kijana mmoja wa Embu anayeitwa Ireri.

Nikaanza kumchunguza Ireri. Alicheka sana kwa mtu aliye mashindanoni. Alinizoea haraka. Siku ya kwanza tu alinipungia mkono kutoka mbali, "Shemeji, umetuletea chai ama tufe na baridi ya Meru?" Nilipompa kikombe akanywa, akaniambia kwa Kimbeere, lugha yangu ya nyumbani, kwamba hata yeye ni wa huko kwetu. Msichana mwingine angeuliza ni wapi hasa. Mimi nilijibu "Ee," nikachukua kikombe changu. Baadaye, shaka iliponiingia, nilijiambia, huyu alitaka nimwone ndugu ili nisiangalie kalamu yake.

Kalamu yenyewe ilikuwa fupi, ya risasi, aliichomeka nyuma ya sikio. Hata hiyo niliishuku. Kwa nini risasi? Si ndiyo inayofutika?

Mutwiri sikumwambia neno. Kila tukirudi nyumbani nilimkalisha, nikamvua viatu, nikamwambia hakuna mchezaji kama yeye katika nchi hii. Naye alitabasamu na kutazama chini. Nilifikiri ni unyenyekevu, nikazidi kumpenda.

Jana basi nilikwenda nikiwa tayari. Njahi mfukoni, macho kwa Ireri.

Kwenye shimo la kumi na nne mpira wa Mutwiri uliingia kwenye nyasi ndefu karibu na mtaro. Alisimama, akaweka kirungu nyuma ya mpira, akakaa hivyo kidogo. Kisha akainua mkono na kumwambia Ireri jambo. Nilikuwa mbali, sikusikia. Ireri akaja, akainama kutazama, akatikisa kichwa, akatoa kalamu sikioni, akaandika.

Mutwiri alikuwa bado hajapiga!

Nani anaandika mpigo ambao haujapigwa? Moyo ulinienda mbio mpaka nikasahau kuhamisha punje alipopiga kweli, ikabidi nijikumbushe. Kuanzia hapo sikuona uzuri wa mchezo tena. Niliona kalamu tu.

Walipomaliza, matokeo yakawekwa ubaoni. Embu wametushinda kwa mpigo mmoja. Mpigo mmoja! Vijana wetu wakakaa kwenye nyasi, mmoja amejifunika kofia usoni. Mwalimu Kaimenyi alisimama mbele ya ubao na mikono kiunoni. Mutwiri alikuwa ameenda kubadilisha viatu.

Mimi nikaenda hadi meza ya kadi. Naandika hapa vile ilivyokuwa, bila kujipamba.

Nilipaza sauti. Nilisema, "Huyu Ireri ni mwizi. Ameongeza mpigo kwenye kadi ya mume wangu. Nimemwona kwa macho yangu akiandika kabla mpira haujapigwa, na hata Embu aliiba miwili!" Nikamwaga njahi zangu mezani, juu ya kadi za watu, nikasema zihesabiwe. Mzee wa meza akauliza, "Mama, hizi ni za nini?" Watu wakacheka, na kicheko kile kikanitia moto zaidi. Nikarudia neno mwizi. Nikalirudia mara ya tatu.

Ireri alitazama kule kwenye chumba cha viatu, kama mtu anayesubiri mwenzake aje aseme.

Na Mutwiri akaja, na kiatu kimoja mguuni.

"Wawira, nyamaza. Huo mpigo ni wangu."

Akaeleza mbele ya watu wote. Kumbe ana kasoro ya zamani ambayo kocha amemkemea tangu mwaka jana. Mpira ukiwa kwenye nyasi ndefu, hukandamiza kirungu nyuma yake, nyasi zinalala, na mpira unasogea. Ukiusogeza hivyo hujapiga, lakini sheria inakuongezea mpigo mmoja wa adhabu. Jana ulisogea upana wa kidole. Ireri hakuona. Mimi sikuona. Hakuna aliyeona. Mutwiri mwenyewe ndiye aliyemwita na kumwambia aandike. Ireri alipotikisa kichwa alikuwa anamuuliza, "Una hakika? Mimi sijaona kitu." Mechi ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo. Embu ilikuwa hivyo hivyo, mara mbili.

Yaani yule niliyemwita mwizi ndiye aliyejaribu kumwachia.

Ireri alisema jambo moja tu. "Mimi niliandika alichoniambia." Hakuongeza "shemeji". Alivaa kofia, akaenda kwenye basi lao na mwenzake mmoja akambebea mfuko. Nilimwita. Hakugeuka.

Ningependa kusema iliishia pale. Lakini mtu fulani alikuwa na simu. Video inaanza ninapomwaga njahi na inakatika kabla Mutwiri hajafika. Kwa hiyo anayeitazama anaona mwanamke anapiga kelele mwizi, mwizi, mwizi, na kijana amesimama kimya kama aliyeshikwa. Basi. Hakuna kiatu kimoja, hakuna "mpigo ni wangu". Kufikia leo asubuhi ilikuwa imefika Gachoka, nyumbani kwetu, kabla hata ya watu kwenda kanisani.

Mama yangu alinipigia simu mimi nikiwa bado natafuta maneno.

"Wawira, huyo kijana unamjua ni wa nani?"

Nikasema anatoka upande wa kwetu, sijui ni wapi.

"Hujui? Ni wa Muthoni. Muthoni aliyepika chapati za harusi yako, akaungua mkono, akafunga kitambaa akaendelea. Leo amekaa nyuma kanisani peke yake. Watu wanamuuliza mtoto wake huko chuoni anasoma ama anaiba."

Nikaanza kulia na kueleza habari ya nyasi na adhabu. Mama alinikatiza. "Mimi usinieleze, mimi ni mama yako, nitakuamini hata ukidanganya. Waeleze waliomwona Ireri kwa simu. Na usinitume mimi. Sikuwa huko nikipiga kelele."

Nimejaribu kutuma ujumbe kwenye yale makundi ya simu yaliyosambaza video. Mmoja ameandika kwamba nimelipwa nikanushe. Mwingine ameweka kicheko. Sasa naona jinsi inavyokuwa ukisema kweli na watu wanakukagua tu usoni.

Mchana nilimuuliza Mutwiri swali lililonikaa kooni tangu jana. Kwa nini hukuniambia? Mara ya kwanza tu ungeniambia, wala nisingemtazama Ireri hivyo.

Alikuwa anasafisha virungu, hakuinua kichwa. "Ningekuambia lini? Nikiingia tu mlangoni ushaanza kusema mimi ndiye bora. Unanivua hadi viatu. Nianze kusema nimejiongezea mpigo kwa ujinga uleule wa mwaka jana?"

"Sasa uliona heri nisijue?"

"Niliona umefurahi, Wawira."

Nilikwenda jikoni nikajifanya nachochea mboga.

Nampenda. Nampenda kuliko jana, kama hilo linawezekana, kwa sababu mtu anayejiongezea adhabu ambayo hakuna aliyeiona si mtu wa kupatikana kirahisi. Timu imekosa fainali kwa ajili ya upana wa kidole, na hakuna mwenzake hata mmoja aliyemlaumu. Mwalimu Kaimenyi alimshika bega tu. Lakini nikiwa pale jikoni nilijisikia nikianza tena, ile shaka yangu. Nilikuwa najiuliza ni mambo mangapi mengine ameyanyamazia ili nisiache kufurahi. Miezi minne. Kila alipotazama chini, alikuwa anaona nini?

Nikaona nirudi nimuulize waziwazi badala ya kumchunguza kutoka chini ya miti. Nilimuuliza. Akasema kuna jambo moja: ule mchuzi wangu wa nazi niliojifunza kwenye simu, huwa anaula kwa sababu ananipenda. Nikacheka na kulia pamoja. Hata hivyo sijui kama ndilo pekee. Itabidi nijifunze kutokujua.

Kuhusu Ireri nimefikiri mchana kutwa. Naogopa kwenda. Bibi harusi wa miezi minne akionekana njia ya kwao bila mume, kabla hajafika langoni watakuwa wameshasema amerudishwa. Mutwiri anasema tutakwenda wote wawili, na kwamba ataeleza yeye. Nimekataa aeleze. Aje, akae kando yangu, lakini neno mwizi lilitoka kwangu mara tatu, mbele ya watu, na sitaki kijana huyu asafishwe na mume wangu mara ya pili huku mimi nimenyamaza. Nitasimama kanisani baada ya ibada, mchungaji akiniruhusu, na asiponiruhusu nitasimama nje penye watu wanaotoka. Anayetaka kupiga video apige. Apige mpaka mwisho.

Nimemwandikia Ireri sasa hivi, na nanakili hapa ili nisijifanye baadaye kwamba sikuandika:

"Ireri, ni Wawira. Nilikuita mwizi na wewe ulikuwa unaandika kweli. Sikuombi unijibu. Mwambie mama Muthoni kwamba mwezi huu hautaisha kabla sijafika Gachoka, na nitafika Jumapili, watu wote wakiwa wapo."

Ameusoma. Hajajibu. Jumapili za mwezi huu zimebaki mbili, na nimemwambia shangazi kwamba ile inayokuja pia duka lifunguliwe bila mimi.