Uyoga Tuliougawana Juu ya Jiwe

Kilibula, Uvira

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kutoka huku mwisho wa ziwa, nikiomba barua hii ikukute umekaa nje juani, si ndani kitandani. Kaka Kristofa aliandika kwamba kikohozi chako kimepungua. Kimepungua kweli, au ulimwambia aandike hivyo ili nisiwaze? Yeye ndiye anayekusomea sasa, basi namwomba anijibu mwenyewe bila kukuuliza. Sisi tu wazima. Mkweo Yakobo anakusalimu kwa heshima.

Yakobo bado anajenga mawe kule bandarini Kalundu. Jioni anarudi mikono imeliwa na saruji, nami nampaka mawese. Kapita wao, yaani msimamizi, ni mtu wa kelele, lakini kazi ipo. Mimi nimezoea joto, na ugali wa muhogo, na ndagala, samaki wao wadogo, karibu kila siku. Hata maneno yao nimeyazoea, "minye" kwa mimi na "weye" kwa wewe. Mimi nikisema kwa namna yetu ya Marungu wanacheka na kuniomba nirudie.

Sasa nikueleze jambo lililonipata, maana usipolisikia kwangu utalisikia kwa mtu wa meli, naye ataongeza chumvi.

Mvua za kwanza zilipopiga nilianza kuitazama milima. Imesimama hapa nyuma ya nyumba zetu kama ukuta, na asubuhi inatoa moshi kama nyumba inayopikiwa. Nikamwambia jirani yangu, Mama Furaha, ambaye mume wake ni mvuvi: "Huko juu lazima kuna uyoga." Akasema, "Uko mwingi. Lakini sisi tunanunua kwa wanawake wa mulimani. Minye sijui kuchagua." Nikamwambia mimi najua, nilifundishwa na mama yangu.

Basi Jumamosi moja tulipita mtaa wa Songo, tukapanda mlima. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Mama Furaha alianguka mara nyingi hata akavua kitambaa cha kichwa akafunga magoti. Juu, karibu na shamba la mihogo lililoachwa, tulikuta kichuguu, na pembeni yake uyoga ule ule wetu, wa mkia mrefu unaoshuka chini kutafuta nyumba ya mchwa. Mama, nilipiga kelele kama mtoto! Nilichimbua kwa vidole, sikuvuta. Nilinusa kila mmoja. Kulikuwa na mwingine mweupe wenye pete shingoni, nikaupiga teke. Na wa manjano kwenye majani, nisioujua, nikawaachia wenyeji wanaoujua. Tulipopata wa kutosha tuliumimina juu ya jiwe bapa, tukagawana nusu kwa nusu, tukashuka tukiimba.

Jioni ile kwangu kulikuwa na samaki tayari, basi wangu niliuanika kwenye jamvi. Mama Furaha aliupika wake kwa ajili ya mume wake peke yake, watoto akawapa ndagala. Baba Furaha alirudi kutoka ziwani alfajiri, akala, akalala.

Jua lilipotoka, mimi na Yakobo tukijiandaa kwenda misa, tukasikia mayowe. Nilikimbia. Baba Furaha alikuwa chini kizingitini, anatapika, anatetemeka meno yakigongana. Mama yake mzazi, mjane anayekaa nao, aliponiona alininyooshea kidole.

"Weye mugeni! Umepatia mutoto wangu nini?"

"Uyoga, mama. Uyoga mzuri."

"Muzuri? Angalia! Iko nakufa!"

Ua ulijaa watu kufumba na kufumbua. Unajua huku watu wanavyoogopa sumu, mtu hapokei kinywaji kabla mwenye kukitoa hajaonja. Nilimtazama Mama Furaha. Nilitaka aseme tu kwamba tulichuma pamoja, tukagawana pamoja. Alikuwa amempakata kichwa mume wake, akatazama ardhi, hakusema neno. Mwanamume mmoja akasema nipelekwe kwa chifu. Yakobo akasimama mbele yangu, shati la misa halijafungwa vifungo. "Kwanza mugonjwa apelekwe dispanseri," akasema. "Muke wangu haendi popote. Iko hapa, munamuona." Wakamlaza Baba Furaha juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne wakambeba. Wengine walibaki kunilinda, kama mwizi.

Sikujua la kufanya na mikono yangu. Nikaingia ndani, nikalichukua jamvi na uyoga wake, nikatoka nikawasha moto hapo hapo uani, machoni pa wote. Nikapika kwa chumvi na mawese kidogo. Mama, sikuwa na shaka na mafundisho yako. Nilikuwa na shaka na udongo wa hapa. Nilijiuliza: na kama huku kuna uyoga unaofanana na wetu kwa kila kitu, isipokuwa roho yake?

Nilipoketi nile, Yakobo akanawa mikono, akaketi karibu nami. Tangu tuoane hajawahi kuonja uyoga, anasema unanuka kaburi.

"Wewe acha," nikamwambia. "Mmoja anatosha."

"Leta ugali," akasema.

Tukala mpaka sufuria ikabaki nyeupe. Kisha tukangoja. Yakobo, kwa kuwa hajui kukaa bila kazi, alijilaza kwenye jamvi tupu akapitiwa na usingizi, na mwanamke mmoja akaanza kumlilia kama maiti. Yakobo akafungua jicho moja akamwuliza, "Nani amekufa?" Watu wakacheka, wengine wakaona aibu, wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Alasiri wabebaji wakarudi. Mganga wa dispanseri alikuwa amemchoma kidole Baba Furaha akapima damu: malaria, tena kali. Na mwenzake wa mtumbwi akakiri kwamba alikuwa akitetemeka tangu wakiwa majini, kabla hajaonja chochote. Walimpa kinini, wakamweka siku kadhaa, akapona. Mama yake hakuniomba radhi. Kila asubuhi anafagia mpaka kwenye mlango wangu, ananiamkia kwa mguno, nami naupokea.

Lakini kilichoniumiza ni Mama Furaha. Alinikwepa kisimani, alinikwepa kanisani. Nikaanza kumwambia Yakobo kwamba nataka kurudi nyumbani, ndiyo maana kwa meli iliyopita hukupata barua yangu. Sikutaka kuandika nikiwa na moyo ule.

Kisha juzi, baada ya mvua, alikuja akasimama mlangoni kwangu.

"Siku ile nilinyamaza," akasema.

"Ndiyo, ulinyamaza."

"Weye ulichuma, minye nilipika. Ningefungua kinywa kukutetea, wangesema ni sisi wawili. Ningesukumwa kwa baba yangu na watoto wangebaki. Weye uko na Yakobo wa kusimama mbele yako. Minye, aliyezoea kunisimamia ndiye alikuwa analala chini."

Mama, siku zote zile nilidhani mtuhumiwa ni mimi peke yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba sufuria ilikuwa yake. Nikamvuta ndani, nikampa kiti, tukalia kidogo kila mtu upande wake. Alipofuta macho aliniuliza kama kwetu uyoga unapikwa na karanga, nikamwambia ndiyo, na mapema leo tulipanda tena. Sasa anausoma uyoga kwa pua vizuri kuliko mimi.

Sirudi nyumbani basi, isipokuwa kwa kukutembelea, Mungu akipenda na Yakobo akipewa ruhusa. Nakutumia ndagala kavu kwa mkono wa mtu wa meli. Mgawie shangazi mfinyanzi, na baba mdogo asiyekosa kulalamika kwamba hakupewa, na mke wa Kaka Kristofa, hasa sasa anaponyonyesha. Wasalimie wote waliokuja kunisindikiza ufukweni. Wewe mwenyewe jifunike kifua asubuhi.

Ni mimi niliyetoka mgongoni mwako,
Melania