Uzi wa Boshori

Kakuma, Jumapili ya kwanza ya Agosti. Mwezi wa tatu tangu nitoke Molo.

Mama Shiku wangu,

Ejok! Ndivyo wanavyosalimiana huku. Ile boshori ya sufu uliyonifumia niliivaa juani tukipiga mabati ya shule, kwa sababu ni yako. Nikashikwa na kizunguzungu, wenzangu wakanishusha kama gunia. Mama mmoja wa Sudan Kusini, muuza kofia, alinimwagia maji huku akicheka. "Ndugu, hii ni ya baridi! Unachemsha kichwa yako?"

Akaniuzia kofia pana ya majani ya mkoma. Kivuli chake kizuri, lakini upepo wa huku uliipeperusha hadi kwenye mto mkavu. Nilipomrudishia yule mama akasema, "Sasa toa uzi kwa ile ya bibi yako, funga kwa kidevu."

Niliona vibaya kufumua kazi ya mikono yako, lakini nilifumua. Tangu hapo kofia haijatoka kichwani, na sijaanguka tena. Usinikasirikie.

Boshori sasa haifuniki masikio, na najua baridi ya Molo. Niwekee uzi mwekundu. Tukimaliza paa, nitakuwa nyumbani Desemba.

Baba Shiku