Vidole Vinne Begani

Zena,

Madrasa tulifundishwa kwamba anayepita makaburini awasalimie waliolala humo, kwa hiyo nakusalimu kwanza, halafu nikugombeze. Ulisema utarudi shule Jumatatu. Nilikuwekea begi langu kwenye dawati ili Mwantumu asikae. Begi lilibaki pale hata baada ya kukuzika, na hakuna mwalimu aliyeniambia nilitoe.

Kishikwambi chako ninacho mimi. Najua ungesema, "Sema tableti, Bi Kamusi, usinichoshe." Mama yako alinipa baada ya arobaini, kikiwa kimefungwa kwenye kanga yako ya njano. Akaniambia, "Kaa nacho wewe, mimi sijui hata pa kukiwashia." Ile kona iliyopasuka bado inakwaruza kidole. Picha zote zimo. Nyingine siwezi kuzifungua bado, hasa zile za mwezi wa mwisho, ulipokuwa umevimba mikono na bado unajipiga picha unatoa ulimi.

Nafungua ile ya mbuzi. Unakumbuka? Tulikaa barazani kwenu Kerege, mama yako anakuna nazi, na mbuzi wa jirani kaingia kwenye picha nyuma yake. Ukaniambia nimwondoe. Mimi nikachukua kifutio cha programu ya picha, nikamfuta mbuzi pamoja na nusu ya kiwiko cha mama yako. Ulinipiga kofi la mkononi.

"Huo wembe, Pili. Ukikata umekata. Tumia hii."

Hiyo ilikuwa zana nyingine, maski. Nikakwambia Kiswahili chake ni barakoa, nimeiona kwenye kamusi. Ulicheka mpaka ukalala kwenye mkeka. "Barakoa ya puani? Mbuzi ana mafua? Hii ni kanga. Unamfunika mbuzi kanga, humchinji. Ukitaka kumwona, unafunua." Ukanionyesha kwamba nikipaka rangi nyeusi kwa kidole, mbuzi anajificha, na nikipaka nyeupe juu yake, anarudi mzima na pembe zake. Nilimficha na kumrudisha mbuzi yule hadi mama yako akauliza tunacheka nini. Toka siku ile sisi wawili tulikuwa na wembe na kanga, na hakuna mwingine shuleni aliyeelewa tunaongea nini.

Na ile picha ya darasa, tuliyopiga mbele ya ukuta wa bwalo. Tulitaka kutuweka sote ufukweni Mbegani, kwa mzaha tu. Programu ikiambiwa ichague watu, wavulana inawapata vizuri, sisi wasichana inatukata vichwa, kwa sababu ushungi mweupe na ukuta wa chokaa kwake ni kitu kimoja. Ukasema, "Tableti hii haijawahi kuona Waislamu." Kisha ukanifundisha kuikuza picha kwa vidole viwili na kutafuta kivuli. Ushungi ukiisha, kuna kivuli chembamba kabla ya ukuta kuanza. Uchague kwa kufuata kivuli. Sikujua kwamba somo hilo nitalihitaji kwa ajili yako.

Sasa nikueleze yaliyotokea, na usinikatize.

Mwalimu Mkude, ndiye aliyesimamia mahafali yetu ya kidato cha nne, aliniita ofisini. Anajua huwa nachezea picha. Akasema picha ya darasa itachapwa bango kubwa, litawekwa nyuma ya meza kuu.

"Ila mtoe marehemu."

Hakusema Zena. Miaka minne alikuita Zena, mara nyingi kwa ukali, na sasa ulikuwa huna jina. Akaeleza kwamba wazazi watakuja, mama yako atakuwa mstari wa mbele, na siku ya furaha hatutaki kilio. Aliongea kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi zaidi.

Unanijua nilivyo. Nikiambiwa nisome shairi mbele ya darasa, karatasi inatetemeka kuliko mimi. Niliangalia viatu vyake.

"Sitaweza, mwalimu."

"Huwezi au hutaki?"

Ningeweza kusema sijui kufanya. Angeamini. Nikasema, "Sitaki, mwalimu," na sauti ilitoka ndogo kama ya mtu aliye chooni anayeulizwa kama kuna mtu. Lakini ilitoka.

"Kiburi kimekuanza lini wewe?" akaniuliza. Hakungoja jibu, akaniambia niende darasani.

Picha akampelekea kijana mwenye duka la kuchapa Mapinga. Bango lilipokuja tukalikunjua bwaloni, darasa zima. Hukuwepo. Kati yangu na Mwantumu palikuwa na ukuta, mweupe, umepachikwa juu yako, na lile doa la matope la ukutani lilionekana mara mbili. Wembe mtupu, Zena. Ila kijana alikuwa amesahau kitu. Begani kwangu palibaki vidole vinne, vyekundu kwenye ncha. Ile hina yako ya Idi, iliyokufanya uadhibiwe kufagia uwanja peke yako.

Kisha Hamisi, unamjua, hawezi kukaa na ukimya, akasema, "Pili kashikwa na jini."

"Jini mwenyewe anatoka harusini, kapaka hina," mwingine akajibu.

Wakacheka, na mimi nusura nicheke, maana ni maneno ambayo ungeyasema wewe. Halafu nikajikuta nimeweka mkono begani, pale pale.

Mwalimu Mkude akaja, akatazama, akasema hakuna shida, tutafunga puto hapo.

Puto. Walikutoa kwa wembe, na kilichobaki wanataka kukiziba kwa puto. Nilikwenda nyumbani, nikachukua kishikwambi, nikaja kwenu bila hata kubadilisha sare.

Mama yako alikuwa anachambua mchele. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza yote, na bango, na hina, na puto. Nikamwonyesha picha yenyewe, ile nzima. Akagusa uso wako kwa kidole na picha ikakua, kwa kuwa hajui inavyofanya, ukajaa kioo chote, meno na kidoti chako cha shavuni. Hakuirudisha. Alikaa na wewe hivyo, mkubwa namna hiyo, na mchele ukasubiri.

"Nani kasema nitalia?"

"Mwalimu."

"Kwani machozi yangu nitammwagia nani?" Akanirudishia kishikwambi. "Mwanangu kafa, Pili. Hakufukuzwa shule."

Kesho yake alikuja ofisini na buibui lake jeusi, lile la safari. Mimi nilisimama mlangoni. Wakasalimiana, wakaulizana hali, za nyumbani, za kazi, hakuna aliyeruka hata salamu moja. Kisha akauliza mwanawe amekosa nini. Mwalimu Mkude akasema, "Mama, nilitaka nikupunguzie machungu."

"Ya kwangu niachie mwenyewe, mwalimu."

Nadhani mwalimu aliona haya, maana alianza kupanga kalamu mezani. Akasema ni kweli, ila bango limeshachapwa na jingine halitachapwa. Na hapo, Zena, nikaongea bila kuulizwa, ofisini, mbele ya walimu wote.

"Si lazima jingine. Tumrudishe yeye tu."

Nilikaa maktaba mchana kutwa. Programu ilikukata kichwa kama kawaida yake. Nikaikuza picha kwa vidole viwili, nikafuata kivuli cha ushungi wako, polepole, na nilipokosea nilipaka nyeupe ukarudi. Nilikuwa nimezoea kuchagua vitu ili niviondoe. Nilikuchagua wewe ili ubaki, na kidole kilichoka vilevile. Bega, mkono wa shati, kiwiko. Nilipofika kwenye kifundo cha mkono nikaacha. Vidole vilikuwa vimeshatangulia kwenye bango.

Kijana wa Mapinga alikuchapa kwa kipimo kilekile. Akaniambia, "Sikuuona ule mkono, dada. Niliangalia sura tu." Nikachukua bahasha yangu. Nikakukata kwa mkasi wa mama yako, tukakubandika kwa gundi, mama anashika juu na mimi chini. Kifundo kikakutana na vidole. Si sawasawa, kimepishana kidogo kama unene wa ukucha, na karatasi yako ni ya manjano kuliko wengine.

Mwalimu Mkude alisimama nyuma yetu. "Kiraka kinaonekana," akasema.

"Kionekane," akajibu mama yako.

Basi kimeonekana. Siku ya mahafali mgeni rasmi alihutubia na wewe uko nyuma ya kichwa chake, njano, umeinuka kwenye kingo. Upepo ulipopita ushungi wako ulicheza wakati wengine wote wametulia. Na mama yako alilia. Hilo mwalimu alilitabiri sawa. Alilia, akapenga kamasi, akala pilau, akaomba aongezewe nyama. Bwalo halikuanguka. Puto zilipasuliwa na watoto kabla hata ya risala.

Bango sasa liko kwenu, sebuleni, limekunjwa nusu kwa sababu ukuta ni mfupi. Umebaki upande unaoonekana.

Mtihani unaanza karibuni. Nasoma. Wanasema matokeo yakitoka vizuri nitapelekwa shule ya mbali, na huko hakuna atakayekujua, kwa hiyo nitakwenda na ile picha nzima. Mwenyezi Mungu akulaze pema, ndugu yangu. Nakuaga, ila sikubali kila walichoniambia kuhusu kuaga, kwamba mtu hupewa muda wa kuomboleza halafu aache kumtaja aliyekufa. Nitakutaja. Wembe sitaushika juu ya uso wa mtu yeyote. Na atakayeniomba tena nikutoe mahali, nitamwambia sitaki, kwa sauti kubwa kuliko ile ya chooni.

Begi nimelitoa kwenye dawati. Mwantumu anakaa pale siku hizi, na si mbaya, ila anatafuna kalamu zangu.

Dawati nimempa. Bega sijampa mtu.

Wako,
Bi Kamusi