Pale Kizuizini Lambwe

Nyakwara, mjukuu wangu Atieno,

Natumaini uko salama huko Nairobi. Sisi hapa Lambwe tuko wazima, ila mvua imechelewa na mjomba wako bado anagombana na mbuzi wake.

Umeniuliza kama kweli umeringa tangu uwe msimamizi wa sheria katika shirika lenu la kukopesha watu vifaa vya sola. Binamu yako wa kisiwani Remba analalamika kwamba ulimnyima friji ya samaki kwa kuwa hakuwa na kibali. Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba hukumpigia simu.

Nilipokuwa msichana, barabara ya kutoka bondeni ilikuwa na kizuizi cha mbung'o, wale nzi wa malale. Kila mtu alisimama apitishiwe wavu wa kuwanasa, hata pasta na baiskeli yake. Siku moja nilikuwa nakimbilia kwa mama mgonjwa, na mlinzi, kijana mrefu, akanisimamisha. Nilimtukana. Alipitisha wavu mgongoni mwangu polepole, huku akiniuliza mama anaumwa wapi, na kama amekula. Akatoa mbung'o mmoja kwenye leso yangu, kisha akainua mti uliofunga barabara.

"Ukirudi," akasema, "utaniambia ameamkaje."

Nilirudi kumwambia. Huyo ndiye babu yako.

Kizuizi kiliondolewa zamani, pamebaki nyasi. Lakini nikienda kanisani bado nasimama pale kidogo, nikingoja aniulize nimeamkaje.

Dani wako, bibi yako,
Wilkista