Watu Sita, Jibu Moja

Segera, 23 Juni 2025

Kaka Ukasha,

Shikamoo. Jicho langu la kushoto lilipasuka Jumamosi tarehe 14, saa kumi na dakika ishirini jioni. Nimelitanguliza kwa sababu najua salamu zangu ungeziruka ukilitafuta. Sasa niambie, hamjambo hapo Handeni? Mgongo wa shemeji umepata nafuu? Mama ni mzima, anawasalimu. Mimi napumua. Fundi wa kuchomelea mwenye jicho moja ni nusu fundi, na ufundi huu nimeujenga miaka kumi na saba bila kubebwa na mtu.

Umesikia kwamba aliyenitoboa ni Abdi, mtoto wa shangazi, na kwamba leo ni siku ya tisa yuko mahabusu. Sikiliza ilivyokuwa.

Tulikuwa shambani kwa mama tunapiga mahindi, kila mtu na fimbo yake. Munira, binti wa dada Hafsa, alikuja kutoka chuoni Korogwe na maswali yake ya kwenye simu, eti wewe ni mtu wa namna gani. Maswali ishirini. Tukaacha kazi, tukagombania simu kama watoto wanaogombania ukoko. Akatusomea majibu mmoja mmoja pembeni, na kila aliyesomewa alirudi anasema ameguswa penyewe: una huruma usiyoionyesha, wengi hawajui thamani yako. Mama alifuta machozi. Munira akacheka, akasema sote ametusomea maneno yale yale. Mwalimu wao wa saikolojia huwafanyia hivyo kila mwaka na hakuna asiyejiona humo, kwa sababu mtu akidhani anatafuta kujijua, mara nyingi anatafuta kusifiwa. Wanaoishi naye, alisema, humwona vizuri kuliko anavyojiona. Basi tupimane, akasema, kila mmoja ajibiwe na wenzake.

Swali la kumi na moja lilikuwa hili: akikasirika, huuliza kwanza au hupiga kwanza? Mimi nilijiandikia kwamba nauliza. Walionijibia ni sita: mama, dada Hafsa, Munira, mke wangu Ikram, Abdi, na wewe kaka, uliyetumiwa ujumbe. Sita kwa sita: hupiga kwanza.

Abdi akadakia kwamba hata kuku wangu wanalijua hilo, nikikohoa tu wanaingia bandani wenyewe na mlango wanajifungia. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Ikram alicheka, akanitazama, akaacha.

Kituoni nilieleza kwamba Abdi alinivamia. Kaka, si kweli. Abdi ni mtani wetu. Mzee alipofariki, yeye ndiye aliyelala kwenye kitanda cha marehemu akidai chai, tukacheka huku tunalia. Mtani hapigwi. Mimi nilimpiga. Fimbo ya kwanza ilimvunja taya, nikalisikia linavyolia kama gunzi kavu. Ya pili bega. Akaanguka juu ya mahindi, nikaendelea, damu inarukia punje, mama ananivuta shati mpaka likachanika. Kwenye ya saba fimbo yangu ilikatika. Abdi akaokota kile kipande, akakisukuma juu bila kuangalia kinakokwenda.

Watu wananifariji kwamba nilipandwa na hasira. Aliyepandwa na hasira hahesabu. Mimi nilikuwa nahesabu. Nilikuwa nimepanga kumi.

Ijumaa saa mbili asubuhi nakwenda kituoni kufuta maelezo yangu, na huenda anapotoka yeye nikaingia mimi. Hilo nimeshaamua, sikuombi ushauri. Kinyongo changu ni kingine. Wale watano wananiogopa, kunyamaza kwao miaka yote nakuelewa. Wewe ndiye uliyenilea tangu nina miaka sita, hujawahi kuniogopa hata siku moja, na ulimjibu Munira ndani ya dakika moja. Saa ya ujumbe nimeiona. Maana yake hukufikiri. Ulikuwa nalo tayari, umekaa nalo. Umenijua hivyo tangu mwaka gani?

Nisalimie shemeji na watoto, na mzee Ramadhan jirani yako. Barua hii anakuletea Munira mwenyewe. Msubirishe, umpe jibu arudi nalo. Usinipe pole, wala methali sitaki. Andika mwaka tu, unifikie kabla ya Alhamisi saa sita mchana.

Mdogo wako,
Isihaka