Kikombe cha Togwa na Asiye na Upande

Elia, mume wangu mdogo,

Unisamehe kwa kukawia kujibu. Mtoto anaota meno, silali. Mimi ni bibi yako kwa ukoo tu, lakini uzee wenyewe umeanza kunifika. Mama yako hajambo, amemaliza kuvuna viazi hapa Igowole.

Umeuliza kwa nini baada ya vita kuu maadui walikwenda kuzungumza Uswisi, nchi isiyokuwa na upande. Mimi nilisoma kidogo, nitakujibu kwa la nyumbani. Nikiwa mdogo, ndugu wawili jirani walikatana mapanga kwa ajili ya mpaka wa shamba. Wazee wakawakutanisha kwetu, kwa kuwa mama hakuwa na upande. Akaonja kwanza togwa, kinywaji chetu cha nafaka, kama ilivyo desturi ya kuonyesha haina sumu, akawapa.

Mkubwa akakataa. "Wewe umelowesha midomo tu. Mpe mwanao anywe."

Nilidhani mama atamfukuza. Akanigeukia: "Kunywa, mwanangu. Mpaka nusu."

Nikanywa. Wakanitazama, kisha wakanywa, wakaanza kuongea.

Hadi leo nashtuka. Nilidhani asiye na upande hukaa salama pembeni. Kumbe wote wawili walimshuku, na aliyewekwa rehani ni mimi. Sasa nina wangu mgongoni, nashtuka zaidi. Usije ukaandika huko chuoni kwamba kazi ile ni rahisi.

Nitumie sweta mbili za mtoto wa mwaka mmoja, soksi nzito, kofia ya kufunika masikio, na jibu lako: ungekuwa wewe ndiye mama, ungenipa kile kikombe?