Kompyuta ya Kurushia Ndege

Jumanne, 5 Machi 2002

Nimechapa mitihani ya shule ya msingi tangu asubuhi. Mashine ya fotokopi imetafuna karatasi tena. Mzee mmoja mfugaji kutoka Handeni kakaa dukani hadi mchana nikimchapia barua ya kuomba lambo la mifugo. Kila nikimaliza anakumbuka jambo jingine. Miguu imevimba.

Nyumbani nimemkuta mume wangu Mhando palepale nilipomwacha, mbele ya kompyuta yangu kuukuu, anajaribu kutua kwenye mchezo wa kurusha ndege. Picha inagandaganda. Sindano ya mwinuko inasimama, halafu inaruka. Anaanguka. Anaanza upya. Anaanguka.

Tangu serikali ifunge kitengo cha ndege za kunyunyizia dawa na kuziuza, hajagusa usukani. Alikuwa rubani, akawa mkulima asiyependa kulima, shamba liko Kwedizinga. Sasa kampuni moja ya ndege za watalii Arusha imemwita kwenye majaribio mwezi wa nne. Watamfunika asione nje, arushe kwa kusoma vyombo tu. Saa za mazoezi kwenye ndege ya kweli hatuziwezi. Tunao mchezo huu wa kompyuta, basi.

Nimemwambia nitamuundia kompyuta inayoubeba. Sijui kwa nini nimesema. Nimechoka.

Alhamisi, 7 Machi

Mahindi yameuzwa yote. Akiba ya kununulia vifaa ndiyo hiyo.

Prosesa mpya yenye kasi, ule ubongo wa kompyuta, hatuifikii. Ila iko ndogo yake, ya bei nafuu, ambayo mafundi wanasema inavumilia kukimbizwa kupita kasi aliyoiwekea mtengenezaji. Nimewahi kukimbiza moja nilipokuwa kwenye kozi Tanga. Iliungua. Mwalimu alicheka, mimi sikucheka.

Mhando anauliza kila saa. Yeye anajua ndege, mimi najua kompyuta, na kila mmoja anamfundisha mwenzake kazi yake. Tumenuniana.

Jumamosi, 9 Machi

Dar. Joto. Kariakoo nzima nimeimaliza kwa miguu.

Hashimu, anayeniuziaga vifaa, amenizuia nisianze na prosesa. "Dada, anza na madabodi, ndilo bamba linalobeba vyote. Ukikosea hapo, prosesa na memori vyote umevitupa." Madabodi za bei ya chini zimefungwa, kasi haibadiliki hata ufanyeje. Nimechukua ile inayoniruhusu kupandisha kasi kidogo kidogo na kuongeza umeme wa prosesa. Ina vyuma vya kupoozea joto. Nzito mkononi. Nimeipenda, lazima niseme.

Memori ndiyo imenitesa. Ukiikimbiza prosesa, memori nayo inakimbizwa, na iliyo dhaifu inaanza kukosea. Kulikuwa na vipande vikubwa vya bei rahisi, visivyo na jina. Nimeviacha. Nimechukua viwili vidogo vinavyofanana, vya aina mpya. Afadhali kidogo kisichokosea.

Feni kubwa ya prosesa. Kadi ya picha iliyotumika. Fedha imekwisha. Nimelala kwa dada Temeke, mbu wengi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeunganisha. Imewaka mara ya kwanza. Nimekaa chini sakafuni nikaiangalia tu.

Kisha nikaanza kuikimbiza. Napandisha hatua moja, naijaribu, napandisha tena. Hatua ya nne ikagoma. Nikaongeza umeme kidogo, ikakubali. Hatua ya tano ikazimika yenyewe. Nikarudi ya nne nikaiacha hapo. Mabati ya ubavuni nimeyatoa, feni ya mezani inapuliza ndani. Hapa Korogwe mwezi wa tatu si wa kuchezea joto.

Mhando ameruka kutoka Tanga hadi Kilimanjaro, picha laini kama maji. Alikuwa analia kidogo. Nikajifanya natafuta bisibisi.

Jumatano, 13 Machi

Anasema upande wa kushoto wa kioo una kasoro. Vyombo vya kushoto vinafifia, vinapotea, vinarudi. Ameanguka akijaribu kutua. Kanikaripia mbele ya mama mkwe.

Lazima ni joto. Nimeshusha kasi hatua moja.

Ijumaa, 15 Machi

Bado. Nimepima memori kutwa, kipande kimoja kimoja. Hakuna kosa hata moja. Nimevibadilishia nafasi. Nimefungua kipozajoto, nikafuta gundi ya kupitishia joto, nikapaka nyingine. Vidole vinanuka spiriti, dukani wateja wamesubiri nje.

Mhando: "Ulinunua vitu vya mtumba." Nimemjibu vibaya. Sijutii.

Jumapili, 17 Machi

Nimerudisha kila kitu kwenye kasi ya kawaida. Haikimbizwi tena hata kidogo. Nimekopa kioo cha kompyuta ya parokia. Nimekaa mimi kwenye kiti chake, nikaruka vibaya nijuavyo. Upande wa kushoto uko sawa. Kila sindano naiona.

Amekaa yeye. Kushoto kunapotea.

Nimeenda kupika. Ugali umeungua, sikusikia harufu.

Jumatatu, 18 Machi

Leo nimefanya jambo la kijinga. Alipokuwa anarusha niliingia kimya, nikasimama kushoto kwake, karibu kabisa na bega. Nikanyoosha mkono, nikautikisa. Hakugeuka. Nikasogea mbele taratibu, mkono uko juu. Nimekaribia kuugusa uso wake ndipo akashtuka.

"Umeingia saa ngapi?"

"Sasa hivi," nikamwambia.

Kikombe alichokiangusha Jumamosi kilikuwa kushoto. Mlango alioupiga bega, kushoto. Mbuzi aliyemgonga na baiskeli pale Kwedizinga, sikuwepo, lakini sasa najua alitokea wapi.

Kompyuta haina kosa. Hata madabodi ya bei ya chini ingetosha.

Jumanne, 19 Machi

Sijamwambia. Nimechapa maombi ya kazi ya watu saba na sikumbuki hata jina moja.

Nikinyamaza anaweza kupita. Daktari wa leseni alishamsainia mwezi uliopita, walikuwa wakipiga soga za zamani, hakuna aliyepima macho sawasawa. Mshahara wa Arusha. Mwanetu Neema angebaki bwenini bila kurudishwa nyumbani kwa ada kila muhula. Mimi ningelifunga duka siku moja moja nikalala.

Nimeyawaza yote hayo kwa utulivu kabisa. Ndilo linalonitisha.

Ijumaa, 22 Machi

Nimemwambia. Baada ya chai, mchana kweupe, hakuna mtu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Uwanja uko mbele, Mama Neema. Mbele naona."

"Na watu utakaowabeba?"

"Wewe fundi wa kompyuta. Umekuwa daktari lini?"

Ametoka na baiskeli. Nimesimama mlangoni namwangalia anavyovuka barabara kuu. Aligeuza kichwa kizima kushoto, kama bundi. Amekuwa akifanya hivyo muda mrefu. Nilidhani ni madaha.

Jumamosi, 23 Machi

Hatusemezani. Amekula peke yake.

Jumapili, 24 Machi

Ameniita mwenyewe baada ya ibada. Amesema nijaze ndege nyingine angani, nyingi, mchezo unaruhusu, halafu nisimwambie chochote. Nikairudisha prosesa kwenye hatua ya nne ili kompyuta izimudu. Asiwe na la kuisingizia.

Akapaa. Vizuri sana, mume wangu anajua kurusha. Akageuka kuelekea uwanjani. Ndege nyeupe ikaja kutoka kushoto, polepole, kubwa. Niliiona mapema. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikaa mikono mapajani.

Hakuiona kabisa. Zikagongana.

Alibaki ameshika usukani wakati kioo kimesimama. Kisha akauliza ilitokea wapi. Nikamwonyesha. Akauliza ilikuwepo muda gani. Nikasema muda mrefu. Akazima kompyuta yeye mwenyewe.

Jumatano, 27 Machi

Moshi, hospitali ya macho. Foleni hadi nje. Daktari ni binti mdogo, mpole. Presha ya macho. La kushoto karibu limekwisha, la kulia limeanza. Kilichopotea hakirudi. Kuna dawa ya matone, kila siku, maisha yote, kulinda kilichobaki.

Mhando aliuliza swali moja tu, kama anaweza kurusha. Daktari akasema, "Hapana, baba. Hata gari, acha."

Kisha daktari akauliza nani aligundua, maana wengi wanakuja wameshachelewa kabisa. Mhando akaninyooshea kidole. Sikuona fahari yoyote. Nilitaka kulala kwenye lile benchi.

Njiani alikaa dirishani. Tulipofika Mkumbara alisema nyanya za mwaka huu ni nzuri. Nikasema ndiyo.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Leo ameomba nimsindikize hadi kibanda cha simu. Nilisema naweza kuwapigia Arusha mimi. Akakataa.

Nilimsikia kutoka nje. "Habari za kazi, mzee. Ni Mhando wa Korogwe. Sitakuja. Macho yangu hayafai." Akasikiliza. "Hapana, nimepimwa. Hayafai." Akasikiliza tena. "Asante sana."

Akatoka. Barabara ilikuwa matope, malori yanapita yamejaa mkonge. Nilikuwa natembea kulia kwake, kama kawaida. Akanishika mkono, akanizungusha hadi upande wa pili.

"Kaa huku," alisema. "Huku ndiko sioni."

Tukaenda hivyo hadi nyumbani.